Fundi Nusu na Kocha wa Kukaa

Mtu asiye na meno akikutukana kwenye simu, usipate tabu ya kuelewa neno kwa neno. Elewa sauti tu. Nasema haya kwa uzoefu, maana mimi ndiye wa mapokezi katika kliniki ya meno, na kwa muda mrefu sehemu kubwa ya kazi yangu ilikuwa kupokea hasira za watu wanaosubiri meno ya bandia. Mwanzoni nilikuwa naumia. Baadaye nikawa najibu, "Ahsante, nawe pia," kisha naweka simu chini taratibu.

Aliyekuwa akitafutwa hakuwa mimi. Ni kaka yangu wa tumbo moja, fundi wa meno ya bandia, anayefanyia kazi chumba cha nyuma kinachopakana na eksirei. Chumba kina dirisha moja la kutazama barabarani, meza yenye vumbi la plasta ambalo hata ufute vipi haliishi, na rafu ndefu ya visinia vya plastiki. Kila kisinia ni mdomo wa mtu. Daktari, mwenye kliniki, huchukua chapa ya fizi za mgonjwa na kuileta huko nyuma. Kaka huimwagia plasta, hupanga meno juu ya nta, huyafungia ndani ya kopo la chuma lenye skrubu na kuyachemsha mpaka plastiki ya rangi ya fizi inashika mahali pa nta. Halafu huyasugua na kuyang'arisha, mgonjwa akaitwa, akacheka, akaenda zake.

Hilo la mwisho ndilo lililokuwa halifanyiki. Kwenye kupanga meno kaka hana mpinzani. Akianza mdomo mpya usimsemeshe; ananing'iniza ulimi pembeni kama mtoto anayejifunza kuandika, anakumbuka hata jino la chonge lililokuwa limeinama kidogo, ambalo mwenyewe mgonjwa alishalisahau. Lakini likibaki la kusugua tu, mdomo ule unamfia moyoni. Anaufunika kitambaa, anasema atarudi baada ya chai, anachukua mwingine. Rafu ikajaa vicheko vilivyokwama njiani, na kliniki nzima ikamwita Fundi Nusu. Alipolisikia jina lenyewe alicheka, akaanza kulichonga kwenye kipande cha ubao alibandike mlangoni. Aliishia kwenye herufi ya tatu.

Nyumbani kila mtu alikuwa na utabibu wake juu yake. Mama alisema ni uvivu, na dawa yake anaijua ila mkono wake siku hizi hauna nguvu. Mjomba alishikilia kwamba yaya alimwangusha kichwa akiwa mchanga, na yule yaya, mama wa watu, mpaka leo akikutana na mjomba sokoni hamsalimii. Shangazi alisema anahitaji mke wa kumtuliza. Mke akapatikana, akakaa naye mwaka wa kwanza, kisha naye akatoa matokeo ya uchunguzi wake: kiburi. Kwamba mtu anaweza kutumwa chumvi akarudi na redio mbovu ya kutengeneza, na chumvi hana, na wala hakukusudia kumuudhi yeyote, hilo hakuna aliyekuwa tayari kulikubali.

Mwisho wake ni yeye mwenyewe aliyekwenda hospitali kwa daktari wa akili, bila kumwaga neno kwa mtu. Akaulizwa maswali mengi, akarudi na jina la jambo lake: upungufu wa umakini, wa watu wazima. Ubongo unaoshika moto upesi na kuzimika upesi, ndivyo alivyotueleza, wala hautokani na uvivu, wala malezi, wala yaya. Mama alisema hayo ni mambo ya watoto wa shule, mtu mwenye ndevu anayapata wapi. Akaelezwa kwamba anayekuwa nayo utotoni aghalabu hukua nayo. Mama akatafakari, akauliza kama kuna sindano. Yaya hakuombwa radhi na mtu, hata na mjomba. Vidonge alipewa, vikamsaidia siku alizokumbuka kuvimeza, ila yule daktari alimwambia kidonge hakimpangii mtu siku yake. Atafute na mtu wa kumsaidia kujipanga. Kaka alisema atamtafuta. Ninyi mnamjua sasa.

Labda mambo yangebaki hivyo, kama si mwalimu wa kwaya. Mama huyu mstaafu, mnene wa sauti na mwembamba wa mwili, alipoteza meno yote ya juu, na bila meno ya juu alikuwa akifungua kinywa kuimba unatoka upepo mtupu. Kaka alimpenda. Alimuuliza meno yake ya ujanani yalikuwaje, akaletewa picha, akaona mwanya katikati ya meno ya mbele. Basi akautafuta mwanya ule kwa wiki nzima, akisogeza nta kwa ncha ya sindano, huku wateja wengine wakiendelea kunywa supu. Akaupata. Akayafunga meno kwenye kopo, akayaweka jikoni yachemke, na hapo hapo barabarani lori la kokoto likapinduka.

Hakuna aliyeumia, nashukuru, maana kama kungekuwa na majeruhi angepata pa kujitetea. Kaka alisogea dirishani aone. Kisha akasogea mlangoni. Kisha akavuka barabara kumshauri mwenye winchi. Aliporudi jua limeshapoa, maji yalikuwa yamekauka zamani, kopo limekuwa jeusi, na meno ya mwalimu yamefura mapovu kama maandazi. Mwalimu mwenyewe alikuwa ameketi mapokezi tangu mchana, amevaa vizuri, amekuja na kioo chake cha mkononi.

Daktari si mtu wa kupaza sauti. Ni mtu wa kuvuta pumzi, na siku ile alivuta nyingi. Alisema kwamba ana wazo la siku nyingi: kile chumba cha nyuma kifanywe chumba cha kung'arisha meno, kwa taa ya buluu na kiti cha kulala, kwa ajili ya watu ambao meno wanayo tayari ila wangependa yawe meupe zaidi. Hao, alisema, hawapigi simu kulalamika. Kazi ya meno ya bandia ingepelekwa karakana ya mbali, na kaka angepewa barua ya kumshukuru. Ila kwa kuwa ni mtu wa huruma, anampa mpaka mwisho wa mwezi. Rafu ikiwa tupu, chumba ni chake. Isipokuwa tupu, taa ya buluu inaingia.

Kaka hana kazi nyingine anayoijua duniani. Usiku huo hakulala, na asubuhi, kwa hofu ambayo kwake ndiyo mafuta bora kuliko yote, akapiga simu hospitali, akaelekezwa kwa kocha. Kocha wa watu wazima wenye upungufu wa umakini. Nilipomweleza mama kwa simu, aliuliza kaka amejiunga na timu gani na magoti yale.

Kocha alikuja Jumatatu: mama wa makamo, raba nyeupe, begi lenye mifuko mingi kuliko mahitaji ya binadamu. Alizungumza na kila mtu kana kwamba mtu huyo yuko karibu kulia. Mimi aliniomba kwanza ruhusa ya kuniuliza swali, nikampa, akaniuliza choo kiko wapi. Kwa Daktari alieleza kwamba wao huko kwao hawasemi mtu ameshindwa, wanasema bado yumo safarini. Daktari, ambaye alikuwa anaona safari yenyewe inaishia mwisho wa mwezi, aliitikia kwa kichwa. Nami nikajiambia, kweli dunia ina watu, na wengine wamesomea.

Wiki ya kwanza ilinifurahisha sana, siwezi kuficha. Kocha alibandika kila kisinia karatasi ya rangi: nyekundu kwa kilichochelewa, njano kwa kinachokaribia, kijani kwa kilichoiva. Akamwekea kaka kengele kwenye simu, yenye sauti ya ndege, ya kumkumbusha kurudi mezani. Kaka aliipenda kengele kupita kiasi. Alishinda siku nzima akisikiliza ndege mmoja mmoja apate yule mwenye sauti ya kutia ari. Siku iliyofuata akazipanga upya karatasi za rangi ili nyekundu zipauke polepole kuelekea njano, na lazima niseme ukweli, rafu ilipendeza. Ilikuwa kama duka la kadi za harusi. Jino hata moja halikutoka.

Ijumaa nikapita mlangoni kwa makusudi, nione kocha atasema nini sasa. Nilimkuta amesimama juu ya stuli, anabandua karatasi moja baada ya nyingine na kuzitupa kwenye ndoo ya plasta. Akamwambia kaka kwamba hizo zilikuwa zinamfaa yeye kocha, hazimfai fundi, na amsamehe kwa kumpotezea wiki. Nilishangaa kidogo. Watu wa mabegi yale huwa hawaombi radhi. Kisha akateremka, akakaa, akamuuliza ni lini katika maisha yake aliwahi kumaliza kitu kama watu wengine.

Kaka alifikiri mpaka nikaona aibu kwa niaba yake. Mwishowe akasema ni chuoni, kwenye mtihani wa vitendo, alipokuwa anagawana meza na mwenzake mmoja.

"Alikuwa anakusaidia?" kocha akauliza.

"Hata. Alikuwa na kazi yake. Alikuwepo tu."

Jumatatu iliyofuata kocha alikuja na kiti cha kukunja na sweta la kufuma. Akakiweka kiti pembeni ya meza, akakaa, akaanza kufuma. Utaratibu wao ulikuwa huu: kaka anasema kwa sauti anachotaka kufanya, kitu kimoja tu, kidogo, kisichozidi uwezo wa mkono. Nasugua cha juu. Kocha anasema haya. Akimaliza anasema amemaliza. Kocha anasema haya. Kaka akiinuka kuelekea dirishani, hakaripiwi, kocha anamuuliza tu, bila kuinua macho kutoka kwenye sindano, "Unakwenda wapi, Fundi?" Na kaka anasimama, anajitazama miguu kama mtu aliyeamshwa, anarudi. Hayo ndiyo yote. Niliposema mapokezi kwamba kumbe siku hizi kuna taaluma ya kukaa, na cheti chake lazima kinatolewa na kiwanda cha viti, watu walicheka mpaka wakashika mashavu yao yenye ganzi.

Lakini visinia vilianza kushuka. Kimoja, viwili, halafu kwa mfululizo. Wateja wakawa wanaitwa, wanaketi mbele ya Daktari, wanavalishwa, wanatoka kwangu wakinichekea kwa meno ya kaka yangu. Kuna baba mmoja aliyekuwa akinitukana kila Jumanne. Alikuja kuagana, akasema maneno matamu, na kwa mara ya kwanza nikayaelewa yote. Yule mama mwenye sweta alikuwa amenivunjia dhihaka zangu zote, na nilimnunia kwa hilo. Chai nilikuwa nampelekea, lakini bila biskuti.

Mwisho wa mwezi rafu ilikuwa tupu, isipokuwa kisinia cha mwalimu wa kwaya, ambaye alikuwa amekwenda kwa mwanawe na angepimwa upya akirudi. Daktari alihesabu hiyo kuwa ni tupu. Alituita wote chumba cha nyuma, akapiga picha na rafu, akatoa hotuba. Alisema kliniki yake ni ya kwanza kwa moyo wa kuwainua watu wenye changamoto, na kwamba Fundi sasa amepona. Akamgeukia kocha, akamshukuru kwa kazi nzuri, iliyokwisha.

Kocha, kwa ile sauti ya kumbembeleza mtu asiyelia, alisema kwamba jambo hili haliponi, linaendeshwa, na kwamba angependa waachane polepole. Daktari alicheka. Alisema mtu akishajua kuendesha baiskeli hakimbizwi tena kwa nyuma. Kaka naye, mwenye kifua kimejaa sifa ambazo hakuwahi kuzisikia tangu azaliwe, akasema yuko sawa, asante, ataweza. Kocha akakunja kiti chake, akatoka nacho kwapani.

Siku za mwanzo kaka alijikaza, na ilikuwa inasikitisha kumwona. Alikuwa anasema peke yake, nasugua cha juu, na chumba kinanyamaza. Siku moja nikamkuta ameivisha stuli koti lake, ameiweka pale pale pa kiti cha kocha, kola imesimama vizuri. Nikacheka, kisha nikaacha. Koti halisemi haya. Kabla ya wiki ya tatu kwisha rafu ilikuwa imeota tena visinia, vitambaa juu, na kile cha mwalimu wa kwaya, aliyekwisha rudi na kupimwa upya, kilikuwa kimetolewa kwenye kopo salama, mwanya mahali pake, kinangoja kusuguliwa tu. Kilingoja. Daktari alipita, akainua kitambaa kimoja, akavuta pumzi, akasema hapa ametapeliwa. Kwamba amemponya mtu na mtu amekataa kupona. Akaita watu wa kupima chumba.

Walikuja wawili na futi ya utepe asubuhi ile ile aliyokuja mwalimu wa kwaya kufuata meno yake. Wao wamesimama mapokezi wanamsubiri Daktari avae koti, mwalimu ameketi na kioo chake mapajani. Kaka alikuwa huko nyuma. Nilikwenda kumchungulia, nikamkuta anafungua bawaba ya dirisha, ambayo haikuwa na shida yoyote, huku machozi yanamtoka. Alijua watu wa futi wako mlangoni. Alijua kabisa kinachotakiwa ni kusugua tu. Mikono ilikuwa inakataa.

Hapo ndipo nilipokasirika, na sikujua namkasirikia nani. Nikarudi mapokezi, nikamshika mwalimu mkono, nikamleta mpaka chumba cha nyuma, nikalivua koti kwenye stuli.

"Kaa hapa, mwalimu."

Akauliza kwa fizi zake afanye nini. Nikamwambia asifanye kitu, akae tu, na akisemeshwa aitikie.

Kaka aliiacha bawaba. Alimtazama mwalimu, akanitazama mimi, akajifuta uso kwa mkono wenye plasta ukabaki mweupe nusu. Akakaa. Akayachukua yale meno ya juu.

"Nasugua upande wa kulia," akasema.

Mwalimu akanitazama. Nikamwashiria kwa kichwa aitikie. Akaitikia, na alikuwa mtu wa kwaya, anajua kuitikia. Mashine ikaanza kulia.

Walikuwa wamefika upande wa kushoto Daktari alipoingia na wale watu wawili, futi imeshafunguliwa. Akauliza mgonjwa anafanya nini huku nyuma. Nikamjibu anakaa. Daktari alivuta pumzi yake ya kwanza.

"Hiki ndicho ninachosema," akasema. "Mpaka leo anataka kukaliwa kama mtoto. Tulimlipia kocha, tukampigia makofi. Kama angekuwa amepona, huyu mama angekuwa hapa?"

Akasukuma miwani yake juu ya pua ili aone vizuri ukuta wa kupimwa. Ni miwani minene. Bila hiyo hawezi kung'oa jino wala kuliona. Sijui kwa nini sikuwahi kuifikiria kabla ya hapo.

"Daktari," nikasema, "hiyo miwani umeanza kuvaa lini?"

"Tangu sekondari. Kwa nini?"

"Na bado hujapona?"

Mmoja wa wale watu wa futi aligeuka akakohoa ukutani. Nilijua kwamba kazi yangu ya mapokezi inaweza kuwa imeishia hapo, lakini niliona heri. Miaka yote hii sisi sote, mama, mjomba, mkewe, Daktari, na mimi nikiwa mbele na vichekesho vyangu, tulikuwa tunamuuliza kaka atapona lini. Hakuna aliyewahi kumuuliza anahitaji nini.

Alijijibia mwenyewe. Hakuinua kichwa, na mashine hakuizima, ikabidi tusogee ili tumsikie.

"Mimi sitapona, Daktari," akasema. "Nipe mtu wa kukaa hapo. Meno utayapata."

Daktari aliitazama mikono ya kaka. Nadhani alikuwa hajawahi kuiona ikifanya kazi. Visinia humfikia mezani vikiwa tayari, au havimfikii. Kisha akawaambia wale watu wakunje futi yao, wakapime stoo ya mafaili. Mlangoni akageukia upande wangu, si usoni, begani hivi, akasema nimpigie simu yule mama wa sweta.

"Na umuulize kama angependa kiti chenye mto," akaongeza, akaondoka.

Kaka hakumsikia. Alikuwa anamalizia.